Picha za Kivuli: Mikono ya Nani, Jina la Nani?

Sanaa haizaliwi hewani. Huzaliwa katika mahusiano ya uzalishaji mali, nayo hubeba alama ya tabaka linaloimiliki. Picha za kivuli, yaani sura ya mtu kwa upande iliyokatwa katika karatasi au kuchapwa kwa wino mweusi, zinathibitisha jambo hili.

Mwanzoni mwa karne ya 19 picha hizo zilienea Ulaya na Marekani kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Awali, aliyeweza kuwaachia wajukuu sura yake ni kabaila au bwanyenye mwenye fedha za kumlipa mchoraji. Sasa hata fundi wa kawaida aliweza. Hiyo ilikuwa hatua ya maendeleo, na mhakiki asiipuuze.

Lakini mgongano ulikuwamo ndani ya kazi yenyewe. Katika makumbusho ya Charles Willson Peale mjini Philadelphia, mkataji wa picha hizo alikuwa Moses Williams, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani na kuachiwa huru mwaka 1802. Watoto wa Peale walifundishwa kuchora kwa rangi. Williams alipewa mashine na mkasi. Alikata maelfu ya sura, lakini chapa iliyogongwa kwenye karatasi ilikuwa ya makumbusho. Mikono ya mfanyakazi, jina la mwenye mali!

Na kwetu je? Mwaka 1858 Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, alifuatana na Speke kutoka Tabora hadi Ziwa Viktoria, wakipita katika nchi iitwayo leo Shinyanga. Bila yeye na wapagazi, Speke asingefika. Baada ya safari ya pili, mwaka 1863, Bombay na wenzake walipigwa picha mjini Cairo. Speke aliwaita “waaminifu” wake. Kamera ilikuwa chombo kipya, lakini uhusiano ulikuwa uleule: jasho la mpagazi liligeuzwa kuwa sifa ya bwana.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama picha inafanana na mtu. Kada na mwanafunzi waulize: nani alishika chombo? Nani alilipwa? Nani ametajwa? Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Itakapotundikwa Kahama picha ya waliochimba humo, chini yake yaandikwe majina yao. Mfanyakazi asiye na jina katika historia bado ni kivuli.