Tau Ceti, Jua la Jirani Lenye Vumbi la Kufa Mtu!

Jamani, nimeiona Tau Ceti! Nimeiona kwa macho yangu haya haya, bila darubini wala nini, na mpaka sasa mikono hainitulii. Yaani ile nyota ni jua kabisa, jua la manjano, tulivu, dogo kidogo kuliko hili letu, na limezingirwa na vumbi, lakini vumbi si mchezo, vumbi la kufa mtu! Na wewe rafiki yangu linakupita juu ya paa kila mwaka, umelala fofofo.

Hebu nikuelekeze, maana hii si ya kusimuliwa. Mwanzoni mwa Desemba, saa tatu usiku, mwezi ukiwa haujatoka, tafuta giza: shambani, ufukweni, popote pasipo na taa. Inua uso mpaka karibu na utosi, kisha kusini kidogo. Upande wa magharibi utaona nyota inayong'aa peke yake, hiyo inaitwa Diphda. Nyoosha mkono, kunja ngumi, pima ngumi moja na nusu kuelekea mashariki. Hapo! Mwanzo utadhani ni kanyota tu, hakana lolote. Usibanduke. Macho yakizoea giza yenyewe inajitokeza, inakolea, inatulia, na ukiazima darubini ya macho mawili ndiyo utachoka kabisa: manjano laini, ya joto, tamu kupita maelezo. Nilipiga ukelele!

Mwanga unaokugonga jichoni umetoka kule miaka 12 iliyopita. Mtoto wa darasa la tano hakuwa hata amezaliwa! Na kwa mambo ya angani, Tau Ceti ni jirani wa ukuta mmoja.

Vumbi lenyewe jicho halilioni, na utamu wote uko hapo. Ni la baridi kali mno, linatoa ujotojoto hafifu tu. Ujotojoto huo ndio mwanaastronomia Jane Greaves na wenzake walioutangaza mwaka 2004, baada ya kuunasa kwa darubini ya James Clerk Maxwell kule juu ya Mauna Kea, Hawaii. Kupiga hesabu, wakakuta malighafi ya nyotamkia mara kumi na zaidi ya iliyoko kwetu. Mara kumi, ndugu yangu! Tena vumbi laini namna ile halidumu, nyota yenyewe hulifagia. Na Tau Ceti ni nyota kongwe, sasa linatoka wapi? Ni mawe na barafu vinagongana, vinapasuka, vinasagana, unga unaruka, unaisha, vinagongana tena, mpaka leo hii, pale pale ulipokodolea macho ukaona nukta imetulia tuli!

Kwa jua jirani namna hii, simshangai mwanaastronomia Frank Drake. Mwaka 1960, kule Green Bank, Marekani, alipotega antena kusikiliza kama kuna mtu anatangaza huko angani, Tau Ceti ilikuwa moja ya nyota mbili alizoanza nazo. Kimya. Mimi nilipunga mkono hivyo hivyo, nilishindwa kujizuia.

Na bado! Kuna nyingine, HD 181327, jua bichi la miaka milioni 23 tu, liko mbali miaka nuru 155, nalo limejaa vumbi hilo hilo. Mwaka 2025 wataalamu wakatangaza kwamba darubini ya James Webb imeona humo barafu. Barafu ya maji, ya fuwele, aina ile ile iliyo kwenye pete za Zohali, na kadiri unavyokwenda mbali na nyota ndivyo inavyozidi! Nilisoma nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

Na bado! Sisi wenyewe tunalo vumbi letu, na hili linakujia mpaka usoni. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, baada ya kuiona Tau Ceti, wewe usiingie ndani. Subiri usiku wa manane, vimondo vya Geminidi vinaanza kumiminika, chwaa, chwaa, vyeupe, vya njano, vingine vinakatiza mbingu nzima! Kila kimoja ni chembe iliyomeguka kutoka kwenye jiwe liitwalo Phaethon, linalozunguka Jua letu hili. Beba mkeka, beba chai ya tangawizi, beba watoto, beba na yule jirani asiyeamini kitu, na ukishaona nipigie, hata ikiwa saa nane usiku, nipigie!