Taarifa ya Profesa Simpson na Vyumba vya Nairobi

Leo twataka kuitazama taarifa moja ya zamani, ambayo walioisoma ni wachache, bali waliokaa chini ya mashauri yake ni wengi mno. Ni taarifa ya Profesa W. J. Simpson juu ya mambo ya afya katika Afrika ya Mashariki, Uganda na Unguja. Mwandishi alikuja kutoka Uingereza mwaka 1913, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1915. Twaichagua kwa sababu hakuna kijiji kisichotoa vijana waende mjini, na mara nyingi husikiwa neno lile lile, kwamba mtu wa shamba akifika mjini hujazana chumbani na wenzake kwa kuwa ndiyo desturi yake. Neno hilo limekaa vinywani muda mrefu. Yafaa tujue lilipata wapi heshima ya elimu.

Kwanza na tukumbuke mji wenyewe ulivyokuwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali penye bonde la maji maji, palipochaguliwa kwa haja za treni wala si kwa haja za wakaaji. Mafundi, wachukuzi na wenye maduka wakaja kabla ya mifereji kuchimbwa. Katika soko la Wahindi mwenye duka alilala nyuma ya mizigo yake, pamoja na jamaa na watumishi, na magunia ya nafaka yakawa kitanda na ghala pia. Mwaka 1902 ikaingia tauni, na wakubwa wakaamuru soko lichomwe moto. Likachomwa, kisha likajengwa tena, na watu wakasongamana kama kwanza. Tauni nayo ikarudi kabla ya Profesa kufika.

Hatupendi kumdhulumu mtu huyu. Alikuwa tabibu mwenye kuijua kazi yake. Alipata kuwa mkuu wa afya wa mji wa Calcutta tangu mwaka 1886, na mwaka 1905 alitoa kitabu kizima juu ya tauni. Aliposema kwamba maji machafu yapate njia ya kutoka, na kwamba nyumba zisipandane mpaka jua likakosa mlango, alisema kweli, na ingefaa maneno hayo yasomwe hata vijijini. (Wako miongoni mwetu wanaoweka mahindi chini ya kitanda, kisha wakashangaa panya wametoka wapi.) Kama taarifa ingeishia hapo, tungeisifu na kuiweka kabatini.

Lakini shauri lake kuu lilikuwa lingine. Alisema kwamba katika kila mji sharti iwepo mitaa mitatu iliyotengwa, wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika, na kwamba kati ya nyumba za Wazungu na za wengine uachwe ukanda wa nchi tupu wenye upana usiopungua yadi 300. Sababu aliyoitoa ni kwamba mataifa haya yana desturi mbalimbali za kukaa, na kwamba maradhi ya hawa huwapata wale kwa urahisi. Wasomaji waliofika Dar es Salaam wauona uwanja wa Mnazi Mmoja: nao uliachwa wazi kwa fikira ya namna hiyo hiyo, uwatenge watu wa Kariakoo na watu wa mjini.

Hapa ndipo twaikataa taarifa, wala hatuikatai kwa hasira, bali kwa kuipima kwa elimu yake mwenyewe. Mwaka 1898, huko Karachi, tabibu Mfaransa Paul-Louis Simond alikwisha kuonyesha kwamba tauni huchukuliwa na viroboto kutoka kwa panya. Wataalamu wa India wakalithibitisha jambo hilo miaka kadhaa kabla ya Profesa kuiona Nairobi. Basi, ikiwa adui ni panya na kiroboto chake, swali la tabibu ni hili: nafaka yawekwa wapi, sakafu ni ya nini, ukuta una matundu mangapi? Rangi ya mwenye nyumba haimo katika swali hilo. Panya aliyeshiba katika ghala la Mzungu ni panya yule yule.

Tena ukanda ule haukuwafunga watu wote. Mpishi, yaya, mchunga bustani na dobi walivuka kila siku, na wengi wao walilala nyuma ya nyumba za mabwana wao, kwa kuwa chai hutakiwa alfajiri. Aliyesemekana kuwa na maradhi ya hatari akiwa jirani, alikubaliwa akiwa jikoni akishika mkate na kumbeba mtoto. Kama hatari ingekuwa katika mwili wa Mwafrika, hao ndio wangalikuwa wa kwanza kutengwa. Hawakutengwa. Twaona basi kwamba lililotengwa lilikuwa ni ardhi: nani ajenge penye upepo mwema na nani ajenge bondeni.

Na jambo la kujazana chumbani? Mtu wa bara hakuzoea kulala watu wanane mahali pamoja. Kwao kijana akikua hujengewa nyumba yake, na nafasi si haba. Akifika Nairobi alipata mshahara uliokadiriwa kwa tumbo la mtu mmoja, asiye na mke wala mtoto mjini. Hilo si neno letu tu. Kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter iliandika hivyo mwaka 1954, ikataka mshahara upandishwe mpaka utoshe mtu na jamaa yake. Kwa mshahara ule alilipa kodi ya chumba na chakula, na kilichobaki akakipeleka nyumbani. Chumba kikiwa ghali, watu wawili hugawana. Kikizidi, huwa wanne. Hiyo ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya, na tabibu mwenye elimu nyingi aliiita desturi.

Sheria zilizofuata zilikuwa na kasoro ile ile. Sheria ya Afya ya mwaka 1921 iliihesabu nyumba iliyojaa watu kupita kiasi kuwa jambo la kudhuru afya, linalopasa kuondolewa. Vema, lakini kuondoa watu sita chumbani si kuwapa chumba cha pili. Jioni ile ile walitafuta mahali pengine, na mahali palipokuwapo palikuwa pamejaa tayari, basi hapo pia pakawa na kosa. Mwafrika hakuwa na diwani wa kulisema jambo hili katika Baraza la Mji mpaka mwaka 1946. Wahindi, waliokuwa na wasemaji wao na gazeti lao, walipinga sana, na mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ikaliacha shauri la kuwatenga Wahindi na Wazungu katika miji kwa nguvu ya sheria. Kwa Mwafrika halikuachwa.

Yeye alipimiwa Pumwani mwaka 1922. Alijenga mwenyewe, kwa miti na udongo na madebe yaliyonyoshwa, akalipia kiwanja ambacho hakikuwa chake. Kisha akapangisha chumba kwa chumba, maana hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi waliojijengea kwa jasho lao. Vijiji vya zamani vilivyouzunguka mji vilibomolewa kimoja kimoja. Pangani, uliokuwa na nyumba nyingi za wenyewe, ndio uliokaa zaidi. Ukabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, nao Baraza likajenga Shauri Moyo.

Nyumba za Shauri Moyo zilikuwa imara kuliko za Pangani, na mkaguzi wa afya angeweza kuzisifu kwa haki: kuta zake zilikuwa za kudumu, na maji yalikuwa karibu. Ila mama mmoja aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita Pangani, akila kwa kodi ya vyumba hivyo, aliingia huko akiwa mpangaji.