Siri ya Mtungi: Maneno Machache juu ya Sinema Iitwayo "Chinatown"

Wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Apitaye njiani huuona mtungi kwa nje tu, akausifu kwa umbo lake na kwa ufundi wa mfinyanzi. Bali kata hushuka ndani kila siku, nayo yajua kama chini mna maji safi ama mna tope. Kwa methali hii twataka kuipima sinema moja ya Marekani iliyotolewa mwaka 1974, jina lake "Chinatown", maana yake Mtaa wa Wachina. Sinema hii imesifiwa sana. Ilitajwa kwa tuzo 11 za Oscar, ikapewa 1, nayo ni ya Robert Towne aliyeitunga hadithi. Hata hivyo wako wauliza: Hadithi ya aibu ya nyumba ya mtu yatufaa nini, na zaidi ikiwa mwisho wake mwovu hashindwi? Swali hili si dogo, nasi tutalijibu kwa utaratibu.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika mji wa Los Angeles, mwaka 1937, kuna ukame mkubwa. Mkubwa wa idara ya maji, Bwana Hollis Mulwray, akataa kujenga bwawa jipya, kwa kuwa bwawa la kwanza lilivunjika likaua watu wengi, naye hataki kulirudia kosa hilo. Siku si nyingi aonekana maiti ndani ya maji. Mpelelezi mmoja wa kulipwa, jina lake Gittes, alikuwa amekodiwa kwa hila amfuate marehemu huyo. Sasa aona ya kuwa yeye naye alitumiwa, akaanza kuitafuta kweli. Auona mji unaolia kiu ukimwaga maji yake baharini usiku. Awaona wakulima wa bonde lililo karibu wakilalamika ya kuwa visima vyao vyatiwa sumu na matangi yao yavunjwa, hata wakate tamaa na kuuza mashamba kwa bei ndogo. Tena aona ya kuwa mashamba hayo yanunuliwa kwa majina ya wazee walio katika nyumba ya kutunzia wakongwe, nao wenyewe hawana habari ya kuwa ni matajiri wa ardhi.

Nyuma ya mambo hayo yote yuko mzee mmoja, Noah Cross, aliyekuwa zamani mwenye maji ya mji pamoja na Mulwray. Evelyn, mke wa Mulwray, ni binti yake huyo mzee. Na hapa ndipo tope la mtungi linapoonekana. Evelyn amficha msichana mmoja, Katherine, wala hataki kusema ni nani. Mwishowe, baada ya kupigwa makofi, asema ya kuwa msichana huyo ni ndugu yake na tena ni mtoto wake. Baba alimharibu binti yake mwenyewe, na sasa amtafuta mtoto aliyezaliwa.

Mtu aweza kudhani ya kuwa hapa hadithi mbili zimefungwa pamoja kwa kamba dhaifu, moja ya maji na moja ya nyumba. Sisi twaona ni hadithi moja. Gittes amwuliza mzee yule ataka kununua nini ambacho hakuweza kukinunua kwa mali aliyo nayo. Mzee ajibu ya kuwa ataka wakati ujao. Jibu hilo ni ufunguo wa mambo yote. Mtu aliyezoea kuona kila kitu kuwa chake, maji ya watu wote, shamba la jirani, jina la mkongwe asiyejua, atamwonaje binti yake? Naye atamwona kuwa ni mali. Hata jina alilopewa lina maana kwa wenye kusoma, kwa kuwa Noah ndilo Nuhu. Nuhu wa Maandiko aliwaokoa watu wa nyumba yake na maji. Huyu ayashika maji mkononi na kuwaangamiza walio wake.

Wala mambo ya maji hayakutungwa bure. Mji wa Los Angeles ulifungua mfereji wake mkubwa mwaka 1913, ukiyaleta maji ya mto Owens kutoka mbali, mwendo wa zaidi ya maili 200, chini ya uongozi wa fundi William Mulholland. Matajiri waliokuwa wamenunua ardhi katika bonde la San Fernando walipata faida kubwa maji yalipofika. Wakulima wa bonde la Owens walikasirika, na mwaka 1924 mfereji ukalipuliwa kwa baruti. Mwaka 1928 bwawa la St. Francis lilivunjika usiku, watu zaidi ya 400 wakafa. Mtungaji aliyachukua mambo hayo, akayasogeza mbele hata mwaka 1937, akayavika majina mengine. Kwa hiyo mwenye kuitazama sinema hii asiifanye kuwa kitabu cha historia; lakini pia asiseme ya kuwa ni ndoto.

Sasa turudi kwa kata. Katika hadithi hii walioijua siri hawakuwa wachache. Evelyn aliijua. Watumishi wa nyumba yake waliijua, hata wakamficha msichana nyumbani mwao. Wakulima walijua ni nani awaharibiaye maji. Tena mtunza bustani, mtu wa asili ya Asia, alisema tangu mwanzo ya kuwa maji ya kidimbwi cha bustani ni mabaya kwa majani, maana yana chumvi. Aliitamka lugha ya Kiingereza kwa shida, na Gittes akamwigiza kwa dhihaka, akapita. Siku nyingine ndipo alipoelewa: mapafu ya marehemu yalikuwa na maji ya chumvi, hali maiti iliokotwa katika maji matamu. Basi Mulwray aliuawa katika kidimbwi kile, na miwani ya mwuaji ilikuwa imelala mle chini siku zote. Laiti angalimsikiliza mtunza bustani!

Hili ndilo fundisho tunaloliona kuwa kubwa kupita yote. Uovu wa nyumba ya tajiri haukudumu kwa kukosa mashahidi. Ulidumu kwa kukosa masikio. Mkulima alisema, akahesabiwa kuwa mgomvi. Mtumishi alisema, akachekwa. Mwanamke alinyamaza kwa aibu, na alipobanwa aseme alipigwa kwanza, akasadikiwa baadaye. Bali mzee mwenye mali aliposema, kila mlango ulifunguka, na askari wakamwitikia kwa heshima.

Twaipenda sinema hii kwa kuwa yaonyesha hayo bila kuyahubiri. Lakini haki yatudai tuseme pia ya kuwa yenyewe imeanguka katika shimo ililotuonyesha. Jina lake ni la mtaa wa Wachina, na katika hadithi mtaa huo umefanywa kuwa mfano wa mahali pa giza, ambapo mgeni haelewi lolote na kila jema huharibika. Lakini Wachina wenyewe hatuwasikii ila maneno machache ya utumishi. Ajabu ni hii: mwovu hakutoka mtaa ule, alitoka katika jumba la fahari, na waliomhifadhi mtoto walikuwa watu wa mtaa ule. Watu wakitajwa sana bila kupewa nafasi ya kujitaja, twajua sisi jambo hilo lina ladha gani. Katherine naye, ambaye mambo yote yamzunguka, hapewi maneno ya kutosha hata tumjue.

Tuje kwenye mwisho. Evelyn ajaribu kukimbia na binti yake, askari apiga bunduki, naye afa. Mzee Cross amfunika msichana macho kwa mkono wake, amchukua, aenda zake. Yasemekana Towne alitaka mama amwue yule mzee na binti aokoke, bali Roman Polanski, aliyeongoza sinema, akashika ya kuwa mwisho uwe wa huzuni. Je, ni vema? Twasema, kwa hadithi hii ni kweli. Kama masikio yalikuwa yamezibwa tangu mwanzo, hayawezi kuzibuka dakika ya mwisho kwa ajili ya kutufurahisha. Mtazamaji aondoka na uchungu, na uchungu huo una kazi yake.

Lakini liko jambo jingine, wala si haki kulificha katika makala isemayo juu ya siri. Mwaka 1977 huyo Polanski alikiri mahakamani kosa la kulala na msichana wa miaka 13. Mwaka 1978 akaikimbia Marekani kabla ya kutolewa hukumu yake. Watu wengi wenye jina waliendelea kumsifu. Hatusemi ya kuwa kwa hiyo kazi yake si kazi. Twasema ya kuwa aliyeionyesha dunia mzee akimfunika msichana macho, yeye mwenyewe alimdhulumu msichana. Na dunia ya wenye fahari, iliyoisifu picha ile, haikuonyesha kuwa imejifunza neno lake. Anayeitazama sinema na ajue hayo, kisha apime mwenyewe.

Je, yatufaa? Kwa watoto, hapana. Ina damu na mambo yasiyo ya umri wao. Kwa watu wazima, yafaa, wala si kwa sababu ya kupata habari za matajiri wa mbali. Katika vijiji vyetu nako ziko nyumba zenye mapaa ya bati na heshima kubwa barazani, na hutokea mtoto akaja kwa mwalimu au kwa shangazi, akaanza neno asilimalize. Tumezoea kumwambia, "Nyamaza, aibu ya nyumba haitoki nje." Mficha maradhi, kilio humfichua; na mara nyingi kilio hicho ni cha mtoto, si cha aliyeficha. Mtoto huyo ndiye kata. Tumwache amalize neno lake, tena tumsadiki kwanza, kabla hatujauliza mtungi ni wa nani.