Kima, Mtoto na Kitabu cha Bwana Singer

Wako watu Ulaya na Marekani wasemao kwamba kumweka mtu mbele ya mnyama, kwa sababu tu yeye ni mtu, ni ubaguzi sawa na ule wa rangi ya ngozi. Jina la ubaguzi huo lilitungwa na Mwingereza Richard Ryder mwaka 1970. Aliyelieneza ni Peter Singer wa Australia, kwa kitabu chake cha mwaka 1975, Animal Liberation, maana yake Ukombozi wa Wanyama. Yafaa sisi wa Kailo tukipime, maana kwetu nyama ya porini ni chakula cha nyumbani.

Kwanza tumpe haki yake. Singer hasemi mbuzi apewe kura. Asema hivi: kila awezaye kuumia, maumivu yake yahesabiwe, awe na miguu miwili au minne. Neno hili ni zito, nami sioni namna ya kulipangua. Mtazame mboloko aliyenaswa na mtego wa waya. Mwindaji ana mitego mingi, hawezi kuizungukia yote kila siku. Mnyama atateseka siku mbili, tatu, na pengine ataoza kabla hajaonekana, asimfae mtu yeyote. Ukisema, "Ni nyama tu," hujajibu kitu. Katekisimu nayo yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu.

Sehemu kubwa ya kitabu, lakini, haituhusu sana. Sura mbili ndefu zaeleza majaribio ya maabara, na kuku waliosongamana katika vizimba. Kuku wa Kailo hutembea apendapo, mpaka siku mgeni anapofika.

Ninapomkatalia ni katika mfano wa rangi. Mwaka 1906 Ota Benga, mtu wa Kongo hii yetu, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, watu wakaja kumtazama. Mwaka 1916 alijiua. Wachungaji weusi wa New York waliodai atolewe hawakusema kwamba anaumia tu; walisema ni mtu mwenye roho. Singer ataka tuliache neno hilo hilo, eti "mtu" si hoja. Maumivu yatosha, asema. Haya, fikiri Ota Benga angalilishwa vizuri, asipigwe, alale penye joto. Je, aibu ile ingaliondoka?

Tena fuata njia yake mpaka mwisho. Ikiwa kuwa mtu si kitu, mtoto asiye na akili atakuwa na haki gani kuliko mnyama mwenye akili kumpita? Singer halikimbii swali. Katika maandishi yake mengine alikubali kwamba kumwua mtoto mchanga mwenye ulemavu mkubwa kwaweza kuwa halali, wazazi wakitaka. Hapo, ndugu msomaji, mwenye kupigania wanyonge amemwacha aliye mnyonge kuliko wote. Kwetu mtoto asiyesema hubebwa mgongoni, wala hakuna amwulizaye kipimo cha akili yake.

Hata hivyo kitabu chatuuliza jambo lingine. Mwaka 2012 wataalamu walimtangaza lesula, kima wa pori la Lomami ambaye wawindaji walimjua zamani kwa jina hilo. Picha ya uso wake ilizunguka dunia, kwa kuwa wafanana na wa mtu. Mwaka 2016 serikali iliweka Mbuga ya Lomami katika Maniema na Tshopo, kilometa za mraba 8,879. Ni vema; lakini kambare wa Lualaba hana uso wa kupigwa picha, na huruma haimfikii. Singer walau huwahesabu samaki. Watu wa Wamba, kule Tshuapa, tangu zamani wana mwiko wa kumla bonobo, kwa kuwa wazee wao walimhesabu kama ndugu. Wao walimlinda mnyama kwa kumkaribisha kwenye utu, hawakuushusha utu.

Toleo la kwanza la kitabu lilikuwa na mapishi yasiyo na nyama. Mama wa Kailo hana haja nayo. Sombe yake kwa mawese ameipika siku nyingi bila kima, si kwa kumhurumia kima, ila kwa kuwa hakumpata.