Namna ya Kuipima Santuri ya Rege ya Asili

Atakaye kujua kama santuri ya rege ya asili ni kazi ya fundi au ni ya kupitishia wakati, asianze na maneno ya mwimbaji, ambayo aghalabu huwa mazuri hata katika kazi dhaifu, bali aanze chini kabisa, kwenye besi na ngoma. Kipimo nikitumiacho mimi ni *Marcus Garvey* ya Burning Spear, iliyorekodiwa Kingston na kutolewa mwaka 1975 chini ya Jack Ruby, bwana wa Ocho Rios aliyekuwa na mitambo ya kupigia santuri katika madansi ya wazi. Kiongozi wa kundi, Winston Rodney, ni mzaliwa wa St Ann's Bay, alikozaliwa pia Marcus Garvey, yule mtetezi wa watu weusi ambaye santuri imebeba jina lake, mwaka 1887, na jina la kundi alilitwaa katika lakabu ya Jomo Kenyatta.

Sikiliza kwanza pale pasipopigwa kitu. Katika mapigo manne, lile la kwanza huachwa wazi, kisha ngoma ya mguu na ile ndogo zikashuka pamoja katika la tatu. Mpigaji asiyejiamini huiona nafasi ile kuwa aibu na kuijaza madoido, ilhali katika santuri hii Leroy "Horsemouth" Wallace huiacha ikae, na besi ya Robbie Shakespeare au ya Aston Barrett ikapata pa kutembelea. Ukitaka yakini, toka chumbani, ufunge mlango, usikilize ukiwa ukumbini: besi njema hukufikia kila sauti ikiwa na mwanzo wake na mwisho wake, iliyo mbovu hukufikia kama mvumo usio na umbo, na hapo ujue kwamba uzito umezidishwa kuficha uvivu.

Tarumbeta ya Bobby Ellis na tromboni ya Vin Gordon zapaswa kuitikia, si kushindana. Rodney naye hurudia maneno machache mno, na wapo waliomlaumu kwa hilo, lakini msikilizaji makini atatambua kwamba kila marudio huwekwa mahali pengine kidogo juu ya mapigo, huku Rupert Willington na Delroy Hines wakimshika kwa chini. Anayerudia kwa sababu ya kuishiwa haweki hivyo.

Lililo gumu zaidi ni kuupima mchanganyo wa sauti, na hapa ndipo santuri hii ilipozusha manung'uniko. Kampuni ya Island, ilipoitoa ng'ambo, iliuchanganya upya muziki ule kwa ajili ya wanunuzi wa huko, ukalainika, na wengine hudai kwamba hata mwendo uliongezwa. Wapenzi wa Jamaika hawakuridhika, wala Rodney mwenyewe hakuridhika. Wakosoaji wa nje, hata hivyo, waliipokea kwa taadhima, nami siwalaumu, kwani muziki wenyewe ulikuwa na nguvu ya kuivumilia dhuluma ile. Mwaka 1976 ikafuata *Garvey's Ghost*, dabu ya nyimbo zile zile, nyepesi kwa kiasi fulani, lakini yafaa sana kwa mwanafunzi, maana sauti za waimbaji zinapoondoka mifupa ya kazi hubaki dhahiri.

Mnunuzi wa leo na azitafute santuri ndogo za "Marcus Garvey" na "Slavery Days" alizozitoa Jack Ruby Jamaika, hata zikiwa na mikwaruzo, azipige kwanza, kisha ndipo aiweke ile ya Island, sauti ya mtambo ikiwa pale pale.