Mkomamanga wa Uani

Kuuhamisha mti mzee bila kuuua ni ufundi wa hali ya juu, na hakuna mahali Dar es Salaam panapouhitaji kama Kariakoo. Nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zinabomolewa kupisha maghorofa, hata katika mitaa iliyopewa majina ya miti, kama Mchikichi na Mkunguni. Mwenye nyumba huokoa mabati, milango na nondo za madirisha. Mkomamanga wa uani, uliowalisha wajukuu, huishia kuwa kuni.

Fundi bustani aliyeiva haanzi na sururu. Akipewa muda, wiki kadhaa kabla huchimba mtaro mwembamba kuuzunguka mti, huikata mizizi minene kwa msumeno, kisha huufukia mtaro kwa mboji na kumwagilia. Mti, ungali mahali pake, huotesha vijizizi vipya karibu na shina. Uhai umo humo: vijizizi ndivyo vinavyonyonya maji, ilhali mizizi minene huushikilia mti tu na kuyapitisha.

Udongo wa kichanga wa Dar haushikani. Kwa hiyo fundi huloweka udongo siku moja kabla, na kulifunga donge la udongo na mizizi kwa gunia na kamba kabla hajaukata mzizi wa chini. Guta lenye mti lazima lipite alfajiri, kabla Mtaa wa Kongo haujajaa watu.

Kinachonivutia zaidi ni ujasiri wa kupogoa. Mizizi iliyopunguzwa haiwezi kunywesha majani yote, basi matawi hukatwa bila huruma, na mwenye mti hulalamika kuwa mti wake unauawa. Wapenzi wa bonsai wa nchi za Mediterania huenda mbali zaidi. Huung'oa mzeituni mkongwe, hulikata shina likawa fupi, huondoa karibu mizizi yote, nao huchipua tena, kwa kuwa kitako chake kimejaa akiba ya chakula na macho yaliyolala.

Ndugu yake, mzeituni mwitu, yuko kwetu, huko Arusha na kandokando ya Kilimanjaro, ambako Wamaasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa vijinga vyake. Anayeung'oa porini ili kupamba sebule simsifu hata kidogo. Huko hakuna tingatinga linaloujia. Sifa zangu ni za anayeutoa mti mbele ya tingatinga.

Kila mti una masharti yake. Waridi la jangwani, lenye utomvu wa sumu, likishang'olewa huachwa kivulini siku kadhaa vidonda vikauke, kwani likimwagiliwa mapema huoza. Mkomamanga ukiachwa hivyo hufa. Huo hupandwa chunguni papo hapo na kunyweshwa, heri mvua za masika zinapoanza kuliko kipindi cha kaskazi.

Baada ya hapo, mtego mkubwa ni furaha ya haraka. Machipukizi ya kwanza huweza kutoka kwa akiba iliyomo shinani, chini hakujaota hata mzizi mmoja, na wengi huubeba mti hapohapo kuupeleka juani kwenye baraza la ghorofa, ukanyauka. Fundi ninayemheshimu hukaa nao kivulini msimu mzima, mpaka mizizi myeupe itokeze kwenye tundu la chini ya chungu. Hapo ndipo humwita mwenye mti aje kuuchukua, na kulipa salio.