Kuuguza Mlimau wa Ndani

Majira ya baridi huko Minnesota, mlimau wa Meyer hauwezi kukaa nje. Huingizwa ndani na kuwekwa kwenye dirisha la kusini, hita ikiwaka usiku na mchana. Hewa hiyo ya joto na kavu ndiyo utitiri unayoipenda. Jirani yangu, mama wa Mombasa aliyehamia huku zamani, analijua hilo, kwa hiyo hangoji majani yapukutike.

Huanza na macho. Hulivuta jani taratibu hadi penye mwanga. Likiwa limeshambuliwa, kijani chake huwa kimefifia na uso wake umejaa vidoa vyeupe au vya manjano, kama uliopulizwa unga. Kila kidoa ni mahali utitiri ulipotoboa ukanyonya.

Kisha huweka karatasi nyeupe chini ya tawi, hugonga tawi kwa kidole, na hungoja. Vumbi hutulia palepale, utitiri hutembea. Nukta inayotembea huisogezea lenzi ya kukuza mara 10: miguu minane, mwili wa karibu nusu milimita, doa jeusi kila ubavu. Huyo ni Tetranychus urticae, wa jamii ya buibui. Ndiyo maana dawa nyingi za kuulia wadudu hazimdhuru, na nyingine humsaidia kwa kuwaua maadui zake.

Akishahakikisha, huutenga mlimau na mimea mingine. Hufunika udongo kwa mfuko wa plastiki, hufunga mfuko shinani, na huupeleka mti bafuni. Huanzia juu kuteremka. Kila jani hulipindua, hulilaza kwenye kiganja, na hupitisha kidole gumba kando ya mshipa mkuu, ambako utando na mayai hujibanza, huku maji ya uvuguvugu yakitiririka.

“Pole pole, mwanangu,” huniambia nikimsaidia. “Ukiruka jani moja, hilo moja litaujaza mti mzima.”

Baada ya hapo ni zamu ya sabuni maalumu ya mimea, iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha kwenye chupa. Kwanza hulijaribu jani moja na kulitazama kesho yake. Likiwa salama, hunyunyizia jioni, jua likiwa halipigi, upande wa chini wa majani hadi yachuruzike. Sabuni huua kile tu inachokigusa ingali mbichi. Ikikauka, kazi yake imekwisha. Mayai mengi husalimika, na katika joto la nyumba huanguliwa baada ya siku chache. Kwa hiyo huweka alama kwenye kalenda ya ukutani na kurudia kila baada ya siku 5 hadi 7, ili awakute walioanguliwa kabla nao hawajataga. Ufundi wake wote umo katika hesabu hiyo, na katika kutoikosa hata siku moja.

Vidoa vya majani ya zamani havifutiki, naye havimsumbui. Hupima kazi yake kwa majani machanga, yakichipua laini na safi, na kwa karatasi yake nyeupe. Siku karatasi isipoonyesha kitu kinachotembea, wengi wetu tungeirudisha chupa kabatini. Yeye hurudia duru nyingine nzima, kwa uangalifu uleule wa siku ya kwanza, kwa sababu anajua mayai hayatembei.